Kivuli cha Asubuhi

Kazi yangu ni mifugo. Huko Karungu watu huniita daktari, ingawa daktari mwenyewe yuko makao makuu na mimi ni wa kuchanja ng'ombe na kuandika ripoti. Kichaa cha mbwa kilipozuka pande zetu, kazi ikawa moja tu: kwenda baraza baada ya baraza kuwaambia watu wafunge mbwa wao, maana mbwa atakayekutwa akizurura atauawa. Kila mara niliongeza kwamba sheria haikuishia hapo. Ukimfunga mbwa, awe na maji, awe na kivuli, mnyororo uwe mrefu, na afunguliwe atembezwe. Kumfunga kutwa kucha ni kumtesa, na kumtesa mnyama ni kosa. Watu walicheka hapo kwenye kutembezwa. Waliuliza kama mbwa amekuwa bibi harusi.

Mama yangu anaishi peke yake Sindo, kando ya ziwa, upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Baba alipofariki na sisi watoto tukatawanyika, alibaki na mbwa mmoja wa rangi ya mchanga. Hakumpa jina. Alimwita "wewe", na mbwa akaitika. Wakati wa chakula mama alikaa ndani ya mlango na mbwa nje ya mlango, wakala pamoja. Dhambi ya mbwa huyo ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Kina mama wa jirani huanika omena juu ya nyavu mchangani, naye alipita kila asubuhi akajichotea. Amri ya kufunga mbwa ilipofika Sindo, jirani mmoja alimwambia mama wazi kwamba watu wa sumu, wale wanaotumwa kuua mbwa wanaozurura, wakija, yeye mwenyewe atawaonyesha boma letu.

Nilienda Ijumaa na mnyororo mpya. Mama aliutazama, hakuushika.

"Huyu hajawahi kufungwa," alisema.

"Mama, wakimkuta huru watamuua."

"Na si wewe husema kufunga mbwa ni kosa?"

"Ni kosa kumfunga vibaya."

"Haya, nyathina, mwanangu. Wewe ndiye umesoma."

Asubuhi ya Sabato, kabla hatujaenda kanisani, nilimfunga kwenye nguzo nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, palipokuwa na kivuli kizuri cha ukuta. Nilijaza beseni maji. Nilipima mnyororo kwa hatua zangu nikaridhika, na nakiri kwamba nilijiona mtu wa maana. Yule jirani alikuwa akitandaza omena zake, akaniuliza mbwa mwenye kichaa hujulikanaje. Nikamweleza kwa raha zote. Hutokwa na mate. Huuma chochote, hata chuma. Sauti humkauka, na maji hawezi kuyanywa. Ukimwona hivyo, nikasema, usimkaribie wala usimfungue. Ningoje mimi.

Nilikusudia kurudi saa sita. Lakini mgeni haondoki kanisani bila kula, na baada ya chakula mzee wa kanisa akasema alasiri hiyo ni ya mafundisho ya afya, na kwa kuwa Mungu ametuletea daktari, basi daktari atufundishe juu ya kichaa cha mbwa. Ningeweza kukataa. Nilisimama mbele nikasema kwa saa nzima na zaidi. Nilifundisha maji. Nilifundisha kivuli. Mama alikuwa safu ya pili, na alinitazama kwa fahari ambayo sijaiona tena.

Tulifika nyumbani saa kumi. Kina mama walikuwa wamesimama mbali, mmoja ameshika kasia.

"Daktari, yenu imeshika kichaa," jirani alisema. "Tangu saa saba inauma mnyororo. Mate inamwagika. Tumekaa mbali vile ulisema."

Jua lilikuwa limeshazunguka ukuta. Nimezaliwa boma lile, nimeota jua la jioni nyuma ya nyumba ile utoto wangu wote, na bado nilimfunga pale. Beseni lilikuwa limepinduka. Mnyororo wangu mrefu ulikuwa umejizungusha kwenye nguzo mpaka ukabaki shibiri moja, na mbwa amelala upande, ulimi nje, macho yakitazama ziwa. Ziwa lilikuwa hatua hamsini tu.

Mama hakumuuliza mtu. Alichota maji kwa sufuria, akapiga magoti na gauni lake la kanisani huku wale wanawake wakimsihi atoke. Mbwa alikunywa. Nilisikia maji yakishuka kooni. Niliinama kwenye mnyororo, na kabla sijafungua kifungo chake mbwa alikuwa ameshaweka kichwa juu ya goti la mama akafa.

Watu wa Sindo hadi leo husema ni kichaa kilichomuua. Mganga hajigangi, husema watu, na husema wakicheka. Mimi niliganga vizuri mno. Walinisikiliza, wakatii kila neno. Bado natumwa barazani, na bado nasema maji, kivuli, mnyororo mrefu. Nasema na siamini kwamba yatamfaa mbwa yeyote.

Siku ile hatukuweza hata kumzika. Sabato ilikuwa haijaisha, na mama hachimbi ardhi kabla jua halijazama. Tukakaa naye chini, pale kwenye jua.

"Jirani anasema ni kichaa," mama alisema.

Nilitamani kuitikia. Neno moja tu, nami ningekuwa mtoto mwema aliyefunga mbwa mgonjwa.

"Lakini alikunywa," akasema. "Na wewe umetufundisha leo kwamba mwenye kichaa hanywi."

Tukaendelea kungoja jua lizame.