Mafundi Waliolala Bure kwa Waiyego

Waiyego wa Huruma alikuwa na vyumba sita vya kupangisha na hamu moja iliyomkaa moyoni: kumtoa mama yake Timboroa, ambako baridi ilikuwa inamla magoti, amlete karibu naye kabla mvua haijaanza. Ndiyo sababu alianza kujenga vyumba viwili vipya nyuma ya ploti.

Kontrakta wa kwanza alipomtajia bei ya ufundi, Waiyego alicheka akidhani ni utani. Wa pili alipotaja yake, hakucheka tena. Basi akabuni ujanja wake, na ulimpendeza hadi akawa anatabasamu peke yake dukani kwake. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa wazi. Jacktone, fundi wa bomba, na Nyongesa, fundi wa mabati, wangekaa humo bila kulipa kodi mpaka kazi iishe, naye asitoe hata shilingi ya ufundi.

Wewe umeshaona palipo na shimo. Yeye hakuona. Jacktone alipima bomba, na wiki iliyofuata akalipima tena. Nyongesa alipanda juu na bati moja, akashuka na hadithi tatu. Jioni wote wawili walikaa barazani wakinywa chai, mashavu yamejaa.

"Tunangoja simiti ikauke vizuri, Madam," Nyongesa alisema.

"Simiti gani hiyo ya tangu mwezi wa pili?"

Na kwenye simu Waiyego alikuwa akimwambia mama yake kwamba imebaki rangi tu. Uongo huo ulimchoma.

Jumamosi asubuhi pikapu ikaingia ploti. Ilibeba kitanda, blanketi, gunia la viazi, kuku watano na Mama Wacera mwenyewe, mama yake Waiyego.

"Nimeona mawingu," alisema. "Chumba changu ni gani?"

Waiyego alionyesha nyuma, aibu imemjaa. Mama akalitazama lile paa la nusu.

"Na hawa mafundi wanalala wapi?"

"Kwa hizo mbili za mbele, Mami. Bure, mpaka wamalize."

Mama Wacera alicheka hadi akamshika dereva mkono. "Basi mimi nachukua moja, hiyo ingine ni ya kuku. Wao wahamie huko nyuma. Bure, vile mliongea."

"Lakini Shosho, huko hakuna paa," Nyongesa alisema.

"Si wewe ndio fundi?"

Mvua ilifika saa tisa na kumkuta Nyongesa juu, amejaza misumari mdomoni, na Jacktone chini akivuta bomba mbio mbio. Waiyego alikaa juu ya gunia la viazi akacheka mpaka akalia. Furaha ilimzidi.

Jumatano kazi iliisha, hata rangi. Waiyego akaenda kumwita mama yake ahamie chumba kipya, akamkuta akiota jua mlangoni pa chumba cha mbele, miguu ameinyoosha.

"Hapa magoti yamenyamaza," alisema. "Sitoki."

Waiyego akazunguka nyuma kuwaambia mafundi mapatano yamekwisha, wafungashe. Wote wawili walikuwa wametundika mapazia.

"Sisi tutakaa, Madam. Tutalipa kodi," Jacktone alisema. "Ni ngumu kupata nyumba imejengwa vizuri hivi."