Punda Aliyebadilika Rangi

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliishi na kaka yangu Guangzhou, Uchina, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya sita. Yeye alisafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Dar, mimi nilimpikia na kumpokelea simu. Akitoka, nilikaa mbele ya kompyuta kuukuu, ile ya kibodi tu inayochomekwa kwenye televisheni, nikitunga gemu yangu mwenyewe.

Kompyuta ile ilionyesha picha kwa namna mbili. Moja ilikuwa na nukta ndogo na mistari safi, lakini rangi mbili tu. Ya pili ilikuwa na rangi nyingi, ila kila kijisanduku cha skrini hakikubali zaidi ya rangi mbili. Nilichagua ya pili. Punda wangu wa kijivu alikimbia vichochoroni akikwepa mikokoteni, na kila alipogusa ukuta mwekundu, ubavu wake nao uligeuka mwekundu. Nilihangaika na kasoro hiyo hadi nikaizoea.

Baada ya miezi minne niliihifadhi gemu kwenye kaseti, nikamwonyesha kaka. Alicheza, akacheka mpaka machozi.

"Nipe nakala nikawaonyeshe jamaa."

Nikampa.

Siku moja alinipeleka kwa laoban mmoja, yaani bosi, mwenye duka la kompyuta karibu na stesheni ya reli. Mimi ndiye niliyejua Kichina vizuri. Tulipoingia tu nikamwona punda wangu kwenye televisheni ya dukani.

"Kaka yako ana kichwa," laoban aliniambia. "Gemu hii kaitunga mwenyewe. Nitaitia kwenye mashine zangu zote. Ila muulize, mbona punda anabadilika rangi? Anaweza kurekebisha?"

Nilimtafsiria kaka neno kwa neno. Alitazama viatu vyake.

"Mjibu basi, mdogo wangu," akanong'ona.

"Nimjibu nini? Mtunzi si wewe?"

Alibabaika, akataja waya, akataja umeme. Laoban alimsikiliza kidogo, kisha akazima televisheni.

Njiani kaka alinifokea. "Ningesema ni wewe, angenisikiliza? Mpishi wangu?"

"Hukujaribu, kaka."

Jioni ile alimpigia mama simu Tanga. Nilikuwa jikoni nikikata vitunguu, namsikia akieleza jinsi nilivyomharibia biashara kwa wivu. Hakunipa simu niseme langu.

Mpaka leo mama huniuliza kama nimeshamwomba kaka yangu radhi.