Huu Moyo Ni Wangu

Jumanne, kwenye foleni ya hospitali moja hapa Thika, mama mkulima kutoka Gatuanyaga alitoka kupimwa moyo akiwa na karatasi yenye mistari ya mapigo yake. Daktari wa zamu akaitupia jicho. "Ni gesi tu, mama. Enda nyumbani."

Mama akaitandaza mezani, akaweka kidole. "Hapa mistari inafuatana vizuri. Hapa imeruka. Nielezee hapa."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Lakini huu moyo ni wangu, na sitoki."

Akakaa. Daktari mkubwa alipoitwa, alihesabu vijisanduku vilivyochapwa chini ya ile mistari kwa ncha ya kalamu, kisha akaagiza alazwe mara moja.

Mimi ningesema asante nikaenda zangu. Tumefunzwa adabu vizuri mno, na wengine wetu huzikwa nayo.