Mulinga Chini ya Nyasi za Barabarani

Mama alikataa kupasuliwa kwa sababu ya bangili. Na wala si ya dhahabu, ni shaba tu, nene, nyekundu, ile sisi kwetu tunaita mulinga. Asubuhi ile daktari alikuwa amesema utumbo umejisokota, chumba cha upasuaji kina nafasi mchana, na tukiipoteza nafasi hiyo asilaumiwe mtu. Mimi nimesimama kando ya kitanda. Yeye kageuza uso ukutani kama mtu aliyeudhiwa na mgeni.

"Kwanza mulinga," akasema. "Nikuvalishe. Kisha banikate vile banataka."

Katika ukoo wa mama, mulinga hauvuliwi maiti. Mwanamke anamvisha binti yake kwa mkono wake mwenyewe, angali hai, wanaangaliana. Akifa nao, anazikwa nao, na basi, mambo ya wanawake wa ukoo ule yameishia hapo. Bibi alimvisha mama, na mabinti wengine wa mama vita viliwala. Nimebaki mimi, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na ndiyo maana sikuwa na nguvu ya kumbishia sana. Nilibisha hata hivyo. Nilimwambia mulinga utangoja, tumbo halingoji. Akafumba macho.

"Haya, uko wapi?"

"Niliuzika."

Yesu wangu! Siku tulipofika hospitali, yule wa mlangoni kwenye chumba cha picha za eksirei alisema kila chuma kitolewe mwilini. Kwenye foleni mama mmoja akanong'ona kwamba mule ndani vitu vinapotea. Mi nilikuwa nimeenda kutafuta maji. Niliporudi nikaona mkono wa mama mtupu, nikadhani ameuficha kwenye mzigo wetu. Kumbe alikuwa ametoka na kijiko cha uji, akaenda kukaa kwenye ukanda wa nyasi kando ya ile barabara ya maduka ya zamani, akachimba. Mtu mwingine angemwachia nesi, au angeufunga kwenye pindo la kitenge. Lakini sisi wa Uvira tumekimbia mara nyingi mno. Ukisikia risasi, unazika: sufuria, kichwa cha cherehani, sahani za harusi. Unakimbia mikono mitupu, na Mungu akikurudisha unafukua. Tumevuka mipaka, tumekula nsima, ugali wa huku, miaka yote hii, na akili hiyo bado tunatembea nayo.

"Wapi kabisa, mama?"

"Chini ya muti ule wa maua ya zambarau!" Alisema kwa sauti kubwa, mpaka mgonjwa wa kitanda cha mwisho akainua kichwa.

Nikatoka mbio. Siku tuliyofika, jakaranda moja tu ndiyo ilikuwa imechanua, hiyo naikumbuka. Sasa barabara nzima ilikuwa zambarau, kila mti umemwaga maua yake chini, mbele ya kila duka, toka kona mpaka kona. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia kwa sauti, na wapita njia wakanipisha kwa heshima, wakijua wanaotoka upande wa hospitali wanalia kwa sababu gani.

Nilipomaliza kulia nikampigia simu jirani yetu wa Dzaleka, baba mmoja wa Fizi. Kwao alikuwa mchimba dhahabu, huku anatafuta vyuma chakavu kwa mashine yake: fimbo ndefu, sahani bapa chini, na ikipita juu ya chuma inalia. Mtu wa maneno mengi, mimi na yeye tuligombana kila juma juu ya kuku wake. Nilimwambia mama anakufa. Alisema tu, "Nakuja," na simu ikakatika.

Kumngoja kulikuwa adhabu. Kutoka kambini anapanda kabaza, baiskeli ya kukodi, kisha minibasi ya kupitia Lumbadzi, na minibasi haiondoki bila kujaa hata uwe na mauti nyumbani. Nilichimba kwa kijiko kilekile cha mama, mti huu, mti ule, bila mpango. Alipoteremka hatimaye, mashine imefungwa kwenye shuka, alitazama mashimo yangu akatikisa kichwa.

"Mama yako anazika shaba kwa barabara ya wenyewe? Si angenipatia mimi nimuzikie vizuri!"

"Papa, nakuomba, leo usinitanie."

"Sikutanii, mama. Nakutia moyo. Twende."

Alipitisha sahani juu ya nyasi polepole, kushoto, kulia, kama mtu anayepiga pasi nguo ya sherehe. Mashine ikalia. Nikachimba: kizibo cha soda. Ikalia tena: kizibo. Msumari. Kufuli bila ufunguo. Vizibo, vizibo, mji huu umekunywa soda tangu ujengwe! Kila ikilia moyo wangu uliruka, na kila nikifukua ulianguka, mpaka nikaanza kuichukia ile sauti. Jua lilikuwa limetufika utosini. Niliwaza nafasi ya mama kule chumbani, na mtu mwingine anayesukumwa kwenda kuichukua.

Halafu watu wakaanza kusimama. "Mukufuna chiyani?" mmoja akauliza, mnatafuta nini. Yule baba, mdomo wake huo, akajibu kwa Kichewa cha sokoni kwamba tunatafuta kitu chekundu cha chini ya ardhi. Ole wetu! Neno golide, yaani dhahabu, lilitembea kwenye foleni ya minibasi kwa kasi kuliko moto wa kiangazi. Ndani ya muda mfupi walikuwepo watu wenye chepe, wenye vipande vya bati, mama mmoja na jembe lililokuwa bado na lebo ya dukani. Walichimba chini ya jakaranda zote kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kanisani. Nilipiga kelele kwamba ni bangili ya mgonjwa. Wakacheka, wakasema huyu mkimbizi anataka kula peke yake.

"Msiba wa kujitakia hauambiwi pole," nikamfokea baba wa Fizi. "Dhahabu imewaua ndugu zako, na bado unaitaja barabarani!"

Alitazama viatu vyake. Nikamhurumia na kuzidi kukasirika. Nikasimama nawaangalia wale watu wanavyofukua mizizi ya miti, na hapo njo kitu kikanigonga kifuani.

Nilishaona jambo hili. Nilikuwa mtoto, tunakimbia kwetu, na mama alisimama mlangoni akapaza sauti kwa majirani: vyombo vyetu viko chini ya muavoka, ule mparachichi wa uani, mkirudi kabla yetu mtuangalizie. Tuliporudi tulikuta ule muavoka umeng'olewa na mizizi yake. Mama hata hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja zizini, akafukua kwenye mavi ya mbuzi, na sufuria zetu zote zilikuwepo. Mahali pa kweli hapasemwi mbele ya watu. Unataja mti mzuri, unazika penye uvundo. Na wodi ile ilikuwa imejaa masikio! Aliamini nitaelewa, mimi mtoto wake, na mimi nikakimbilia maua.

"Papa! Wanaume bakitoka kwenye minibasi, banakojolea wapi?"

Alinitazama kama nimerukwa na akili, kisha akanyoosha kidole. Ng'ambo ya barabara, karibu na mfereji, nyasi zilikuwa ndefu na nyeusi pembeni ya ukuta, na harufu yake ilikutana nasi katikati ya lami. Alipitisha sahani mara moja. Ikalia. Nilipiga magoti mulemule nikachimba kwa vidole, na mkononi mwangu ukaja mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi wa cherehani, uzi wangu mwenyewe.

Nilikimbia bila kusema asante. Baba wa Fizi alinifuata akiwa ameikumbatia mashine yake, anahema, anawaambia watu wapishe.

Nafasi ilikuwa bado ipo. Machela imekwisha kuletwa, manesi wanambembeleza, na mama amekaa amejikunja kwa maumivu. Nilipomwonyesha mulinga alicheka kidogo.

"Ulienda kwa muti, si ndiyo?"

"Nilienda kwa muti, mama."

"Mujinga we. Leta mkono."

Yeye alikuwa amekonda, siku ile ya picha kwake ulitoka wenyewe. Kwangu uligoma kwenye vifundo vya vidole. Aliomba sabuni, akanipaka, akasukuma kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, mpaka nikapiga ukelele. "Vumilia," akasema. "Mi pia nililiaka." Ukapita. Akaugeuza mara moja kwenye kifundo cha mkono wangu, akautazama, akaniachia. Ndipo nikaona uso wake umelegea, mabega yamelegea, vidole vyote vimefunguka, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni. Sikuwahi kumwona hivyo maishani mwangu.

"Haya," akawaambia manesi. "Mimi nimemaliza. Twende."

Hapo nikaelewa, na damu ikanikauka. Siku zote zile za maumivu, kilichokuwa kinamshikilia asife kilikuwa jambo hili ambalo halijatimizwa. Nami nimekuja nalo mbio, nimelifukua kwa kucha zangu, nimemkabidhi.

Nikaifuata machela nikivuta ule mulinga. "Mama, chukua! Sitaki sasa! Utanivalisha ukitoka, mama, ukitoka!" Nilivuta mpaka ngozi ikachubuka. Haukusogea.

"Wacha kuvuta," akasema akiwa amelala chali, bila kugeuka. "Utajiumiza bure."

Wakafunga mlango. Baba wa Fizi alikaa sakafuni karibu nami. Daktari alipotoka na kuuliza nani ni binti yake, alinikuta bado navuta.