Mchoraji wa Wafalme Chumbani kwa Mzee Keith

Msinitazame hivyo. Sikuwa na usingizi wala njaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na chai nimeshakunywa. Haya yalinikuta mwenyewe hapa Penrith, huku ughaibuni, kwenye makao ya wazee ninapofanya kazi.

Naingia chumbani kwa Mzee Keith, dereva wa treni mstaafu, namkuta mgeni kakaa kando ya kitanda, anamchora kwa mkaa. Mwanamume mkavu, koti jeusi la mahameli hadi magotini, na joto lote lile! Mzee mwenyewe alikuwa na usingizi wake wa kawaida, uji kaumaliza. Nikamwuliza mgeni kama ni ndugu. Akasema hapana, kazi yake ni kuchora wafalme wa Ulaya kwenye kitanda cha mauti, ili watoto wao wasiowahi kufika wapate cha kutazama. Nikamwambia huyu wetu aliendesha treni tu.

"Kitanda ni kitanda," akajibu.

Akaniachia karatasi, akatoka. Nikamfuata asaini daftari la wageni. Ukumbi mtupu! Na mlango wa kutokea haufunguki bila namba. Namba angeipata wapi?

Nikaitazama picha, wallahi nikaisogeza dirishani niione vizuri. Mzee Keith kalala chali, kidevu kimefungwa kitambaa chenye nakshi za korosho, fundo juu ya sikio la kushoto. Kando yake kiti kitupu.

Mwenzangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, akachungulia. "Dada, huyu wamemufunga sawa maiti! Pigia mtoto yake simu sasa hivi."

Mtoto ni Helen, anakaa Campbelltown. Ningemwambia nini? Njoo, baba yako mzima kachorwa maiti? Kwetu Tanga huo ni uchuro, na mimi sitaki lawama. Nikamwambia Mama Furaha asinichurie mgonjwa, nikaificha picha kabatini.

Saa tisa mzee akakata roho. Kidevu kikaanguka, nami sikutaka bintiye amkute mdomo wazi. Nikatoa mkobani kanga yangu ya kuswalia, nikachana pindo, nikamfunga. Nilipokwisha kukaza fundo ndipo nikaona: nakshi za korosho, sikio la kushoto.

Nikampigia Helen. Alifika saa kumi na moja, akakivuta kile kiti. "Laiti mngeniita asubuhi," akasema, akalia sana.

Picha nilimpa. Kaitundika sebuleni, na hunishukuru kila tukizungumza. Anaamini ilichorwa baada ya kifo, nami mpaka leo naona haya kumwambia kwamba niliishika baba yake akiwa bado anakoroma.

Nanyi mnaouguza wazazi wa watu, mkimkuta mtu anachora, msibishane naye, na mambo ya uchuro wekeni kando. Pigeni simu. Kutoka Campbelltown kwa treni ni mwendo wa saa mbili. Mimi nilikuwa nazo tano.