Fundi Edera na Matangi Yanayovimba

Saa mbili kasorobo asubuhi, Edera Zoffoli amepiga goti sakafuni, jicho moja kalifumba, anachungulia tundu la bolti. Tangi la pikipiki liko juu ya fremu, lakini tundu lake na tundu la fremu hayaonani. Anaweka rula. Milimita tisa.

"Limenenepa," anamwambia mwenye pikipiki. "Kama wewe tangu uache kuoka mikate."

Secondo Ravaioli, mwokaji mstaafu wa miaka sabini na mitatu, anacheka huku kajishika tumbo. "Mimi nimekula, dada. Hilo limekula nini?"

"Ulichokuwa ukilinywesha."

Secondo anatoa kichupa mfukoni. Ni dawa ya petroli, ile ya kuondoa maji tangini. Mwaka mzima, kila akijaza mafuta, alimimina kichupa kizima.

"Nilidhani naitunza," anasema, na sauti imemshuka.

Edera hamkaripii. Anavuta kigoda, anamketisha.

"Hii ni alkoholi, mzee wangu. Inashika maji na kuyapeleka yakatoke na moshi, na kazi hiyo inaiweza. Tangi la chuma halivimbi. Lako ni nailoni, na nailoni hunywa alkoholi pamoja na maji. Halafu petroli ya kituoni ina alkoholi yake tayari. Wewe unaongeza juu yake."

Katika mji wa Modigliana, kwenye vilima vya Romagna, Edera, mwenye miaka hamsini na tisa, ametengeneza pikipiki kwa miaka thelathini na minne. Leo ndani ya gereji ni nyuzijoto nne tu, mlango uko wazi na hakuna hita. Matangi yanayokaushwa hutoa mvuke wa petroli, na Edera hataki cheche yoyote karibu nayo. Anafanya kazi amevaa makoti mawili.

Uangalifu huo una chanzo chake, na yeye hukisimulia bila kuombwa mara mbili.

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Oktoba, Nives Cortesi, aliyekuwa akipeleka barua za posta, alileta pikipiki yake. Ilikuwa inakohoa baada ya mvua. Edera alichukua chupa ya spiriti, nayo ni alkoholi, akamimina tangini kwa kukadiria tu. Pikipiki ikatulia. Nives akaiegesha msimu wote wa baridi, tangi limejaa.

Machi, pikipiki iliporudi gereji kufanyiwa usafi, tangi lilikataa kukaa mahali pake.

"Nilihisi limekataa," Edera anasema. "Nikasukuma kwa goti, nikakaza bolti. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula."

Chini ya tangi, pale inapokaa pampu, plastiki ilikuwa imevutika na mpira wake haukuziba tena. Siku mbili baadaye, Nives akiwa njiani, petroli ilidondokea ekzosi ya moto ikawaka. Nives aliruka, lakini mkono wake wa kushoto uliungua. Vidole viwili havijanyooka hadi leo.

Mtu wa bima aliandika kwamba pikipiki ilikuwa kuukuu. Hakuna aliyeuliza zaidi, na Edera angeweza kunyamaza. Siku ya nne alikwenda hospitali.

"Nives, ni mimi."

"Naona ni wewe. Nimeungua mkono, sikuungua macho."

"La, nasema ule moto. Ule moto ni mimi."

Nives aligeukia ukutani. Hakusema naye kwa miezi mitano.

"Kila asubuhi nilifungua gereji nikitamani aje hata anitukane," Edera anakumbuka.

Agosti alikuja. Hakutukana. Aliketi, akauweka mkono wenye bandeji mapajani, akasema: "Nieleze yote, tangu mwanzo. Taratibu, mimi si fundi." Edera alieleza hadi koo likamkauka. Alipomaliza, Nives akamwambia: "Basi waeleze na wengine."

Tangu siku hiyo kila mteja hukalishwa kigodani. Nives, mwenye mwandiko mzuri, huandika kadi zinazofungwa kwenye usukani. Edera anamfungia Secondo ya kwake: "Soma chupa kwanza. Isiposema inafaa tangi la plastiki, usiitie. Pima, usikadirie. Tia pale tu palipo na maji, kisha endesha mpaka petroli hiyo iishe. Usiilaze tangini msimu wa baridi."

"Na tangi langu?" Secondo anauliza.

"Tutamwaga petroli yake, tuliache wazi penye hewa. Litachukua miezi. Likirudi umbo lake, tutafunga na mpira mpya. Lisiporudi, silifungi."

"Hata nikikubembeleza?"

"Hata ukiniokea keki."

Saa sita mchana Nives mwenyewe anaingia, kabeba piadina mbili, mikate bapa yenye jibini. Anampa Edera moja, anamsalimu Secondo, kisha anasogelea pikipiki ya mzee huyo na kushika klachi kwa mkono wa kushoto. Vidole vitatu vinavuta, viwili vinabaki vimekunjika. Klachi inavutika hadi mwisho.

"Naweza," anasema.

Edera ameacha kutafuna. Kwa karibu miaka tisa Nives hajapanda pikipiki.

"Shoga, kuna pikipiki moja nimeiona mjini Faenza," anamwambia, akichagua maneno. "Nyepesi. Tangi lake la chuma, usiwe na wasiwasi."

"Nani kakwambia nataka la chuma? Nataka aina ileile niliyokuwa nayo."

"Ile ina tangi la plastiki, Nives."

"Najua. Kwani mji huu hauna fundi?"

Edera anakwenda kunawa mikono. Anakaa bombani kitambo, amewapa mgongo. Secondo anajifanya anasoma kadi yake.

Mpango wao ni Mei, barabara ikikauka: kuvuka mlima hadi mji wa Marradi, wale chakula cha mchana, warudi. Nives atatangulia, Edera atafuata kwa pikipiki yake.

"Sina haja ya kumpita," Edera anasema, macho bado mekundu. "Nataka nimwone mbele yangu tu, anakata kona."