Boti ya Chuma ya Kasenyi

Nikipita upande wa samaki wakavu pale soko la Mpondwe, harufu ya moshi hunivuta nguo kama mtoto. Siku hizi naishi Bwera, karibu tu na hapo, na wauzaji wamezoea kuniona nimesimama bila kununua. Wanadhani mimi ni bahili. Ninyi nitawaambia ukweli.

Tulikuwa watatu: mimi Masika, Baluku, mvulana aliyenifuata, na Biira kitindamimba, ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Baba alikuwa mvuvi kule Kasenyi, kwenye Ziwa George. Yeye na mama walipotutoka, mmoja nyuma ya mwingine, niliachia shule darasa la sita. Ndipo baba mdogo, jina lake Kule, akashuka kutoka Kyarumba, milimani, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Masika, hawa wadogo nitawachukua," alisema kwa upole. "Wewe, iko mama moja Mpondwe atakupa kazi. Mtoto hawezi kulea watoto."

Nilimwomba anisubiri mpaka kahawa ivunwe, akakubali. Mpango sikuwa nao. Nilikuwa na ubishi tu.

Nilichojua ni kuzama majini. Pale kwetu mwanamke hapandi mtumbwi, wanasema samaki watakimbia, kwa hiyo baba alinifundisha kuogelea pembeni yake kama bata. Si mbali na ufuko palikuwa na mahali wavuvi walipaita Jiwe. Wavu ukinasa hapo, mimi ndiye niliyeitwa kuunasua, na malipo yalikuwa samaki. Maji ya ziwa letu ni ya kijani, mazito kama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Ukizama huoni hata mkono wako. Unaona kwa vidole. Basi siku moja vidole vyangu vikapapasa lile Jiwe, vikakuta vichwa vya misumari minene vimepangwa mstari, kama vifungo vya shati. Jiwe gani lina vifungo?

Niliibuka nikitema maji. "Si jiwe! Iko chuma! Iko boti!"

Wazee wakakumbuka kwamba zamani sana boti ya kubeba samaki ilizama hapo kwenye dhoruba, haikuua mtu, ikasahaulika. Thembo, mwenye mitumbwi, akanikazia macho. "Kama iko boti, toka huko. Mwanamke hapandi boti."

"Amepanda wapi?" akadakia Mama Jeneti, mkausha samaki. "Huyu si ameshuka?"

Ufuko mzima ulicheka, Thembo mwenyewe wa mwisho. Nikamweleza ninachotaka: boti ikitoka iwe yetu, wavuvi waitumie, watulipe kwa samaki, wadogo zangu wale na tusitenganishwe.

"Toa kwanza," alisema.

Nilizama na karai, nikachota tope tumboni mwa boti, nikalimwaga pembeni, nikaibuka kuvuta pumzi, nikarudi. Baluku alikaa kwenye mtumbwi wa Thembo akichungulia viboko. Akipiga sufuria, mimi mbio nchi kavu. Jioni Biira alinitoa tope masikioni kwa unyoya wa kuku, ulimi nje, kama fundi wa saa.

Tope lilipopungua tukaazima majerikani ya kila nyumba, watu wakabaki kuchota maji kwa masufuria na kutulaani kidogo. Niliyazamisha yakiwa yamejaa maji, nikayafunga kwenye boti midomo ikitazama chini, kisha Thembo akapuliza hewa ndani yake kwa mpira mrefu na pampu ya baiskeli. Alipampu huku akitukana ziwa, boti na mimi.

Siku ya kuivuta, kahawa imeshavunwa, baba mdogo alifika na bodaboda mbili za kubebea watoto. Alitukuta sote kwenye kamba. Yeye ni mtu wa mlima, maji yakimfika magotini huanza kusali. Lakini aliingia na viatu vile vile, akashika kamba mbele yangu, akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa.

Boti ikaja, imejaa majani na konokono. Ilipogusa mchanga, maji yakachuruzika chini yake kama kwenye chujio. Kutu ilikuwa imekula tumbo lote.

"Haina chini," alisema Thembo polepole. Mimi nikakaa pale pale kwenye tope. Biira akaanza kulia kwa sababu mimi nilikuwa nalia.

Mama Jeneti aliizunguka, akaigonga kwa ngumi. "Ninyi mnaona boti. Mimi naona jiko. Moto si unataka hewa?"

Kabla jua halijazama moto ulikuwa unawaka ndani ya ile boti, waya umetandazwa juu, samaki wamepangwa. Wanawake walikubaliana kwamba kila atakayekausha hapo atatuachia samaki. Baba mdogo alitazama, akakamua soksi zake, akawaambia wale wa bodaboda waondoke.

Nilidhani nimemshinda. Miaka mingi nilijisifu hivyo. Ni baadaye, nikihangaika na homa za Baluku na sare za Biira, ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kuninyang'anya watoto. Alikuja kunitua mzigo, na kwake watoto walikuwa wamejaa tayari. Na alivuta ile kamba akijua kwamba boti ikitoka, mzigo utabaki kwangu.

Mwaka jana nilipanda Kyarumba kumuuliza kwa nini alivuta. Alikuwa anaanika kahawa, hakuinua hata kichwa.

"Ulikuwa unavuta vibaya," alisema. "Ungeumia mgongo."